Kibuyu Kilichoharibika

Watu wa Buganguzi walisema Eufrazia ana ulimi wa mizani. Kazi yake ilikuwa kuuza vibuyu vya pombe, na kibuyu kipya ni kichungu. Hakifai mpaka kitolewe mbegu, kilowekwe, kifukizwe moshi, na mwisho kitiwe pombe, mtu aonje kama uchungu umekwisha. Mtu huyo alikuwa yeye. Katika kila kijiji alionja kwanza, akauza baadaye, na kwa miaka kumi na tano hakukuwa na mpishi wa lubisi, pombe ya ndizi, kati ya Bukoba na Muleba ambaye hakujua anavyofumba macho akionja.

Hakulewa hata siku moja. Alichukua funda moja, akaliacha likae chini ya ulimi, kisha akasema. Aliweza kukuambia ndizi zilivundikwa shimoni siku ngapi, na kama mtama ulikaangwa na mkono wenye haraka au wenye subira. Watu walimzushia kwamba anajua hata kama aliyekanyaga ndizi amegombana na mkewe. Hakukanusha, uvumi ule uliuza vibuyu.

"Amefika mwenye ulimi!" wanaume wa Kagondo walipiga kelele wakimwona na mzigo wake kichwani. "Ficheni pombe mbaya!"

"Mkizificha zote mtaninywesha nini?" naye aliwajibu.

Walicheka, wakammiminia. Pombe ya Kagondo ilikuwa nyepesi, yenye uchachu unaokuna koo, na povu lake liliimba ukilitegea sikio. Ya Ngenge ilikuwa nzito na nyeusi kidogo kwa sababu mtama wa huko ni mwingi, na wengine waliongeza asali. Nyumbani Buganguzi waliinywa ingali changa, tamu, kabla haijajua ukali wake. Ndizi zilikuwa embiire kote, zile za pombe, majani ya kukanyagia yale yale, mvua ile ile. Hata hivyo hakuwahi kukutana na lubisi mbili zilizofanana. Jambo hilo lilimshangaza alipokuwa msichana, na alipofika umri wa miaka arobaini lilimshangaza zaidi.

Lakini iliyomshinda ilikuwa ya mdogo wake, Rugambwa.

Lubisi ya Rugambwa ilianza kwa utamu wa ndizi, ikageuka polepole kuwa chachu, na ulipodhani imekwisha ikaja harufu ya tatu, ya mbali, kama mtu anayekuita kutoka mwisho wa shamba. Kila aliyeinywa aliisikia. Hakuna aliyeweza kuitaja, hata Eufrazia.

"Unatia nini humu?" alimuuliza.

"Muulize ulimi wako, dada," Rugambwa alimjibu, akicheka hadi mabega yakatikisika.

Mwaka 1987 mabega hayo yakaanza kukonda. Wakati huo UKIMWI watu waliuita Juliana, kwa jina la nguo zilizoletwa na wachuuzi wa mpakani, kana kwamba kuupa jina la nguo kungeufanya uvulike. Rugambwa hakuvua. Alizikwa pembeni ya migomba yake, bila mke wala mtoto, na wiki ile ile watu waliokuwa wakipanga foleni mlangoni kwake wakapita mbali na vibuyu vyake. Hakuna aliyetaka kuvigusa. Eufrazia mwenyewe aliogopa. Alivikusanya vyote alfajiri, akavichanganya na bidhaa zake, akashuka navyo ziwani, akawauzia wenye mitumbwi ambao hawakujua mwenye vibuyu alikuwa nani. Siri hiyo ilimkaa kifuani kama mwiba wa samaki.

Baba yao, mzee Pastory, alikataa kumaliza msiba. Siku za kunyoa nywele zilipofika, wazee wa ukoo walikuja na wembe na pombe, naye akaisukuma pombe kwa nyuma ya mkono.

"Sitanyoa kwa pombe ya mtu mwingine. Nileteeni lubisi ya mwanangu, au mniache. Na migomba yake isiguswe."

"Tata, mwanao hayupo, ataipikaje?" Eufrazia alimuuliza.

"Wewe si unao ulimi? Itafute. Mtu hawezi kuondoka na kila kitu."

Mwaka ukapita. Nywele za mzee zikawa nyeupe na ndefu, zikamfunika masikio. Ndizi za Rugambwa ziliivia mgombani, zikaanguka, zikaliwa na ndege. Magugu yakapanda, fukusi wakaingia kwenye mashina. Kibanja kisichopaliliwa hufa kama mtu, mgomba baada ya mgomba, na mzee alikuwa akifa nacho. Alikula kidogo tu, akigeukia upande wa lile shamba ambalo macho yake hayakuliona vizuri tena.

Eufrazia akawa anatafuta. Kila aliporudi safari alileta kibuyu kidogo kilichozibwa kwa jani la mgomba.

"Kaboneka, tata," alimsalimia. "Onja."

Mzee alionja. Ulimi wa Eufrazia ulitoka kwake. "Hii ni ya Kagondo. Tena ya mtu mvivu."

Safari nyingine: "Ngenge. Wametia asali kuficha ndizi mbichi."

Safari nyingine aliinusa, akairudisha tu, na hiyo ilimuuma binti yake kuliko maneno.

Alipomaliza vijiji alivuka maji. Alipanda mtumbwi wa wachuuzi wa dagaa mpaka kwenye kisiwa kimoja mbele ya Muleba. Huko lubisi haikupikwa kwa sababu migomba haikuwepo; alikwenda kuuza vibuyu, na moyoni alikuwa amekwishakata tamaa. Pombe ya huko ilikuwa ya mtama mtupu, pombe ya Wasukuma, nzito kama uji, ikinywewa vuguvugu. Aliipika mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuita mitumbwi, jina lake Bernadeta.

"Kaa mama, kunywa. Huku hatuonji, tunakunywa," Bernadeta alimwambia.

Eufrazia alichukua funda lake moja. Lilikuwa kali, lenye chenga za nafaka, geni kabisa mdomoni. Akafumba macho. Akasubiri mpaka pombe ikamalizika kinywani.

Ndipo ile harufu ya tatu ikaja.

Hapakuwa na ndizi, hapakuwa na Mhaya pale ila yeye, lakini Rugambwa alikuwa anamwita kutoka mwisho wa shamba. Akameza tena, safari hii mafunda mawili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Dada, umetia nini humu?" aliuliza.

"Mtama na maji ya ziwa. Wateja wote wananiuliza hivyo. Ilianza mwaka jana tu, na mimi sijui."

"Chachu unaiweka wapi?"

Bernadeta alinyoosha mkono nyuma ya mlango, akatoa kibuyu cheusi kwa moshi. Shingoni kilikuwa na alama tatu zilizochomwa kwa chuma cha moto. Eufrazia alizijua; alizichoma mwenyewe. Alama hizo aliziweka kwenye kibuyu kilichoharibika tu, ili asije akamuuzia mtu kwa bahati mbaya, na kimoja cha namna hiyo alimpa Rugambwa.

Hakuweza kunyamaza. "Dada, nisamehe. Hiki nilikiuza mimi kwa wenye mitumbwi. Kilikuwa cha mdogo wangu, marehemu. Alikufa na Juliana. Sikumwambia mtu."

Wanywaji wawili waliweka bakuli chini. Bernadeta akakipakata kibuyu kama mtoto.

"Mume wangu nimemzika mwezi wa pili," alisema. "Kwa ugonjwa huo huo, na kibuyu hiki alikuwa hajakigusa, maana hakunywa pombe. Mimi nakitumia kila siku na tazama nilivyo! Mnaogopa vibuyu, mama. Kinywaji hakijamuua mtu hapa, labda kwa kuanguka ziwani." Wanywaji wakacheka kwa taabu, wakachukua bakuli zao. "Lakini sikurudishii. Kinanilisha."

"Basi nipe ninuse tu."

Akaingiza pua. Chini ya mtama, chini ya chachu ya miaka, kulikuwa na kahawa. Kahawa ya kutafuna, iliyochemshwa na majani ya kunukia, ile anayopewa mgeni akifika nyumbani.

Akakumbuka. Mwaka 1978, vita vilipovuka mpaka na mji wa Bukoba ukakimbia, yeye alikuwa ameolewa Kagondo. Kahawa ilikuwa jikoni inachemka. Alinyakua kibuyu kipya, akaimimina humo ingali moto, akatembea nayo mpaka Buganguzi, akiwagawia watu njiani punje mbili mbili za kupunguza njaa. Alipofika, kibuyu kilikuwa kimenyonya harufu hata hakifai. Alikichoma alama tatu, akamtupia Rugambwa: "Chukua, kimeharibika. Weka hata chachu."

Kwa miaka yote hiyo alikuwa akimuuliza mdogo wake anatia nini, na aliyetia alikuwa yeye. Pengine Rugambwa alijua, ndiyo maana alicheka.

Alirudi nyumbani akachemsha kahawa, akaimimina ya moto kwenye kibuyu kipya, akakiacha kimezibwa wiki nzima. Aliomba chachu kwa jirani, akaitia humo. Kisha akasimama mlangoni kwa baba yake, na hapo ndipo alipokwama.

"Tata, nimeipata. Lakini inataka ndizi za shamba lake, na sina mkanyagaji."

Mwanamke hakanyagi ndizi za pombe. Hilo halikuhitaji kusemwa. Vijana wa ukoo waliokuwa wakikanyaga walikuwa wamelala chini ya udongo au wamekimbilia mjini. Jirani yao Elieza alikuwa na miguu mizuri lakini ni mzee wa kanisa la Kilutheri, na kinywaji chake hakikuvuka utamu wa maji ya ndizi yasiyochacha; pombe hakuigusa.

"Mwulize Elieza," mzee alisema.

"Nimemwuliza. Amesema atatuombea."

Mzee Pastory alitoa sauti ambayo Eufrazia hakuwa ameisikia kwa mwaka mzima. Alikuwa anacheka. Kisha akashika mwimo wa mlango, akainuka.

"Lete maji ninawe miguu."

"Waitu tata, miaka yako..."

"Rugambwa alifundishwa na nani? Kata ile mikungu ya kusini kwanza, huko jua linapiga."

Ndizi zilipoiva shimoni alipanda ndani ya mtumbwi wa kukamulia ndizi, akishika bega la binti yake, akakanyaga majani na ndizi mpaka maji yakatoka. Alipumzika mara saba. Kila alipopumzika alimkaripia Elieza, aliyekuwa amesimama kwenye ua akijifanya anapita.

Maji yalitiwa chachu ya kile kibuyu, na siku ya pili pombe ikawa tayari. Eufrazia hakuionja kwanza. Alimpa baba yake kibuyu kwa mikono miwili.

Mzee alichukua funda moja, akaliacha likae. Ulikwisha utamu, ukaja uchachu, nao ukaisha. Ndipo mzee akageuza kichwa kuelekea mwisho wa shamba, kama mtu aliyeitwa.

Akapapasa nywele zake ndefu kwa kiganja.

"Wembe uko wapi?"