Nihari ya Ijumaa Ile Kambini Nyahanga

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa jikoni mara mbili kabla ya saa nne asubuhi. Mara ya kwanza ni kwa sababu ya manukato niliyojipaka ili nionekane mtu wa mjini. Mara ya pili ni kwa sababu niliona nyama inakauka kwenye sufuria, nikaihurumia, nikaimwagia kikombe cha maji. Ilikuwa nyumba ya wageni ya kiwanda cha kuchambua pamba, hapa Shinyanga mjini, walikofikia mafundi wa mashine kutoka Pakistani. Mimi nilikuwa mama wa mapacha waliokuwa bado wananyonya, Kulwa na Doto. Aliyenifukuza alikuwa Mpishi Mkuu, mzee wa Kipakistani mwenye ndevu zilizopakwa hina, ambaye kila mtu pale alimwita Chacha. Kwao neno hilo maana yake ni baba mdogo.

"Wewe ameua nyama mara ya pili," aliniambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Toka nje. Hasira yangu ikiisha, nitaita."

Aliponiita alinipa mwiko na kunisimamisha mbele ya jiko. Hapo nikajifunza neno langu la kwanza la kazi, bhuna. Ni kukaanga nyama pamoja na vitunguu, tangawizi, nyanya na viungo, ukigeuza bila kuchoka na bila kuongeza maji, mpaka mafuta yajitenge na kutulia pembeni mwa sufuria. Yasipojitenga, viungo bado ni vibichi, na mlaji atavisikia vikimkwaruza kooni. Mkono uliniuma siku tatu. Siku ya nne Chacha alionja, akajiongezea sahani. Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Nyinyi vijana mnaosomea upishi siku hizi mmezoea kuona mapishi kwenye simu. Sisi tulifundishwa kwa pua. Chacha alinifunga macho kwa kitambaa, akanipitishia bizari nyembamba, iliki, shamari na mdalasini, na nikikosea tunaanza upya. Alinifundisha roti, ambayo si chapati yetu ya kukunja kwa mafuta. Ni unga wa ngano usiokobolewa, maji na chumvi kidogo, unaokwa juu ya chuma kikavu kisha unarushwa kwenye moto wenyewe hadi uvimbe kama mpira. Alinifundisha biriani yao, ambamo wali na nyama hupangwa tabaka kwa tabaka, mfuniko ukazibwa kwa donge la unga ili mvuke usitoke. Kuziba huko wanakuita dam. Dengu nazo hazikuwa dengu mpaka zimwagiwe juu samli ya moto yenye vitunguu saumu na pilipili kavu, zikalia chwaa!

Kazi yangu nyingine ilikuwa kuwakaribisha wageni wetu wa Kitanzania mezani. Maofisa na wanunuzi wa pamba walikuja kualikwa chakula cha mchana na mafundi, nao walikiogopa chakula kabla hawajakionja. Nilijifunza kuwaanzisha taratibu: kwanza dengu na roti, ili mkono uzoee kumega, halafu karahi, yaani nyama ya mbuzi iliyopikwa kwa nyanya tupu kwenye karai la chuma, pembeni mtindi uliotiwa matango ya kupoza ulimi. Mboga za majani zilizopondwa na kukaangwa kwa samli niliwaambia wazifikirie kama nsansa ya nyumbani, yale majani ya kunde ya kukaushwa, iliyooshwa uso. Mwisho ni kheer, wali uliochemka kwenye maziwa mpaka ukasahau kuwa ulikuwa wali. Chacha hakutumia mchele wa kwao kwa kazi hiyo. Alitaka mchele wetu wa Kahama, akisema una harufu ya mvua.

Lakini mfalme wa jiko lake alikuwa nihari. Msukuma yeyote anayekunywa supu ya asubuhi na chapati ataielewa haraka. Ni nyama ya muundi wa ng'ombe pamoja na mifupa yenye uboho, inayochemka kwa moto mdogo tangu jana yake mpaka nyama ijiachie yenyewe. Mchuzi huufanya mzito kwa unga wa ngano, na juu huelea mafuta mekundu. Mlaji hujinyunyizia tangawizi iliyokatwa kama njiti, pilipili mbichi na ndimu. Msimamizi wa nyumba ya wageni, mtu mkavu asiyecheka, siku moja alilifuta bakuli kwa roti akasema, "Mama Kulwa, nikifa mniwekee hii badala ya maua." Nikamtafsiria Chacha. Alicheka mpaka akakaa chini.

Msimu wa pamba ulipodorora, Chacha alipata kazi kwa mkandarasi wa kuchoronga miamba, naye akaniombea nafasi. Tulikaa karibu mwaka mmoja upande wa Songwa, kisha tukahamishiwa kambi ya Nyahanga, Kahama. Hapo tulikuwa na wahandisi na mafundi wa Kipakistani wapatao arobaini, watu wa swala tano. Meneja wa Kambi alikuwa Mtanzania mwenzetu, mtu wa ratiba. Chacha alimwekea sharti moja tu: nyama ya jiko lile ilikuwa lazima ichinjwe na Mwislamu, kwa kisu kikali na jina la Mungu, mnyama akiwa hai na mzima. Kila juma alikwenda mwenyewe kwa mchinjaji wetu, Mzee Hamisi, akasimama pale mpaka kazi iishe.

Sasa nafika mahali ambapo nimekuwa nikipazunguka kwa miaka mingi.

Kulikuwa na wageni wakubwa wa kampuni watakaokuja Ijumaa kula baada ya swala, na Meneja wa Kambi alikuwa ameshawaahidi nihari. Jumatano goti la Chacha lilivimba hata hakuweza kusimama. Alhamisi asubuhi akanituma mimi.

"Beti," akasema. Aliniita hivyo, binti. "Leo wewe ni macho yangu."

Nilimkosa Mzee Hamisi. Nyumbani kwake waliniambia amekwenda Tabora msibani. Mnada wa ng'ombe ulikuwa umefungwa kwa karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo, na bucha mbili nilizopita zilikuwa tupu. Nilifika ya tatu nikiwa nimelowa jasho. Pale kulikuwa na ng'ombe mzima ananing'inia, miundi minene, mifupa mieupe. Mwenye bucha alikuwa mtu wa kwetu, tukasalimiana kwa Kisukuma, mwangaluka, kisha akanivuta pembeni.

"Mayu, mama yangu, wewe nakufahamu, siwezi kukuficha," akasema. "Huyu aligongwa na lori barabarani. Alikata roho kabla kisu hakijamfikia. Kwa wateja wangu wengine haina neno, lakini nyinyi mna Waislamu."

Kwa Kiswahili nyama hiyo ina jina lake, kibudu. Mwislamu haili, na kwenye sheria za afya pia haifai kuuzwa. Nilijua yote mawili. Mtu yule alinipa ukweli mkononi, na mimi nikausukuma kando. Niliwaza Meneja, niliwaza wageni, niliwaza jinsi nitakavyoonekana mzembe siku ya kwanza niliyoaminiwa. Nikasema, "Nikatie miundi yote."

Chacha alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, mguu umenyooshwa. Alibonyeza nyama kwa kidole. Akauliza, "Nani amechinja?"

"Mzee Hamisi," nikajibu.

"Alisoma jina la Mungu?"

"Nilimsikia."

Hakuuliza tena. Akapiga bismillahi na kuanza kunielekeza viungo.

Sijawahi kupika nihari nzuri kama ile. Naona haya hata kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Wageni wa kampuni walirudia mara mbili. Mhandisi Mkuu wa Uchorongaji, kijana mrefu wa Lahore, alikuja hadi dirisha la kugawia chakula akaniambia kwamba amekumbuka nyumbani kwa mama yake. Meneja alinipa mkono mbele ya watu. Nilikwenda kulala nimejisadikisha kuwa hakuna aliyeumia.

Jumatatu Mzee Hamisi alikuja kambini kwa miguu yake. Mimi nilikuwa nachambua mchele. Alimsalimia Chacha, akashika kofia kifuani.

"Ndugu yangu, nisamehe sana," akasema. "Nilipata msiba Tabora, nimerudi jana. Najua Ijumaa mlinihitaji."

Chacha alimpa pole ya msiba. Alimuuliza marehemu alikuwa nani, akamsindikiza hadi getini akichechemea. Kisha akarudi, akasimama upande wa pili wa meza yangu. Hakupaza sauti, na bora angepaza.

"Ilikuwa nini?"

"Kibudu," nikasema. "Aligongwa na lori."

Akasema, "Ungeniambia, tungepika dengu."

Ni hayo tu. Dengu tulikuwa nazo gunia zima.

Mchana ule alisubiri watu wote waketi, akasimama katikati ya ukumbi wa chakula. Alizungumza kwa lugha yao, lakini nilielewa, maana maneno ya jiko nilikuwa ninayajua. Alisema nyama ya Ijumaa haikuwa halali, na kwamba mkuu wa jiko ni yeye, hivyo dhambi ni yake. Mtu mmoja alitoka mbio akatapika nje. Mwingine, mtu mzima mwenye mvi, alilia waziwazi. Meneja wa Kambi akauliza kwa Kiswahili, "Nani aliyenunua hiyo nyama?"

"Mimi ndiye nimepokea," Chacha akasema. "Andika mimi."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya dirisha la kugawia, upawa mkononi. Kati yangu na yeye hapakuwa na hatua kumi. Ningesema neno moja tu, mimi, na lingetosha. Mdomo wangu ulifunguka ukafungika. Watu wakadhani nalia kwa kumhurumia.

Kuanzia siku hiyo hawakula tena alichopika. Juma lililofuata aliondoka. Alipopita kati ya wenzake kuelekea kwenye gari, hakuna aliyemwitikia salamu. Mimi nilimbebea sanduku. Aliniambia mambo mawili: goti la mpishi hupona akikaa, na kwamba unga wa nihari niukaange kwanza kidogo usije ukafanya madonge. Hata siku hiyo alikuwa bado ananifundisha.

Nikafanywa Mpishi Mkuu. Nilihamishwa Geita, nikaongoza jiko la wachorongaji kwa miaka kumi na minne. Niliweka daftari la nyama, jina la mchinjaji na sahihi yake, na sikukosea tena hata siku moja. Wakubwa walinisifu kwa uaminifu. Kila waliponisifu nilishusha macho, nao wakauita unyenyekevu. Nyumbani Kulwa alikuwa akisema, "Mama, mbona husherehekei?" Nilimwambia nimechoka.

Siku ya kuagwa kwangu waliweka mahema, wakaleta keki. Mhandisi Mkuu yule yule wa Nyahanga, sasa mwenye mvi, ndiye aliyesoma hotuba. Alisema kwamba baada ya mkosi wa Nyahanga mimi ndiye niliyewarudishia imani ya kula. Nilipopewa kipaza sauti nilikuwa nimeandaa shukrani. Nikazikunja karatasi.

"Nyama ya Nyahanga niliinunua mimi," nikasema. "Niliambiwa ni kibudu, nikainunua. Chacha aliponiuliza nilimdanganya. Aliponibebea kosa, nikanyamaza."

Meneja wa Geita akacheka kidogo akasema, "Mama Kulwa, hayo ni ya zamani bwana, tuendelee." Hakuna aliyemuunga mkono. Wawili waliinuka wakaenda zao, na sikuwalaumu. Mhandisi Mkuu alibaki ameishika hotuba yake kama mtu aliyesahau kusoma. Baadaye alinifuata nyuma ya hema.

"Aliponipa mkono wakati anaondoka," akasema, "nilirudisha wangu nyuma. Alikuwa na umri wa baba yangu."

Tulitafuta namba kwa siku kadhaa, kwa ndugu wa ndugu. Chacha alikuwa amekwisha kufariki. Mtoto wake wa kiume ndiye aliyepokea simu, na Mhandisi akatafsiri huku simu ikiwa kwenye spika. Nilisema yote tangu bucha. Mwanawe akasema kitu, na Mhandisi akachelewa kutafsiri.

"Anasema baba yao hakupika nihari tena tangu aliporudi. Walimwomba hata siku ya harusi. Walidhani ni uzee."

Nikaomba msamaha. Yule kijana hakusema amenisamehe wala hakunitukana. Alisema, "Nitamwambia mama," akakata simu.

Sasa niko Shinyanga, nimestaafu, na mabinti wa mtaani huja kwangu kujifunza kuzungusha roti. Nawafundisha bhuna, nawafundisha dam, na kabla ya yote nawasimulia haya, wapende wasipende. Mmoja aliniuliza kama nimepata amani tangu niseme. Nilimwambia hapana, nimepata tu ukimya wa aina nyingine. Namfikiria yule mama mjane, ambaye sijawahi kumwona, akiitwa na mwanawe aache anachofanya, akae. Aliishi miaka yake ya mwisho na mume aliyerudi ameinamisha kichwa, na kwa sababu yangu, mpaka anamzika, hakujua kwamba mumewe hakuwa na kosa.