Nani Atamzika Fundi Baiskeli

Kutoka Kondoa mpaka Songea, miaka ile, ilikuwa safari ya kubadilisha magari na kubadilisha hewa. Vumbi la Mtera lilinifuata mpaka Iringa, likaoshwa na manyunyu ya Makambako, na Njombe ikanilazimisha kuvaa mashati yangu yote kwa pamoja. Abiria wa jirani alikuwa amepakata jogoo, nikajikuta nasogea kwa yule jogoo kutafuta joto. Baada ya Lukumburu milima ikaanza kufunguka. Ilikuwa kabla ya mvua za kwanza, miti ya miombo ilikuwa imechipua majani mekundu, nami kwa ugeni wangu nikadhani msitu mzima unaungua. Nilimuuliza kondakta mbona hakuna anayezima moto. Basi zima lilicheka, na nadhani niliipenda Songea kabla sijaiona.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sikuwa na pa kwenda. Serikali ilikuwa imeruhusu watu binafsi kununua mazao vijijini, kazi ambayo zamani ilikuwa ya ushirika peke yake, na mfanyabiashara mmoja wa kwetu alitaka mtu wa kumsimamia mizani ya mahindi. Nikaja.

Stendi nilipokelewa na kijana wa rika langu, mwana wa mama aliyenipangishia chumba Mjimwema. Kabla hajanyanyua begi langu, kijana mwingine alilinyakua akalifunga kwenye keria ya baiskeli yake.

"Mgeni, huyu usimfuate," alisema. "Huyu ni maiti yangu. Nangoja tu aanze kunuka."

"Utanuka wewe kwanza," mwenyeji wangu akamjibu. "Na sitakuvisha hata soksi. Nitakufukia na hilo baiskeli lako lisilo na breki."

Nilisimama nikingoja ngumi, wao wakaondoka wamekumbatiana mabegani, wakisukuma baiskeli yenye begi langu. Huyu wa pili alikuwa fundi baiskeli pale mtaani. Baadaye yule mama mwenye nyumba alinieleza kwamba ukoo wake na ukoo wa yule fundi ni watani tangu enzi za mababu. Mtani anaweza kukutukana hadharani na usimjibu kwa hasira. Anaweza kuingia kwako akachukua kuku, na wewe ukacheka. Lakini ukifa, ni yeye anayechimba kaburi lako, ni yeye anayepika msibani, na ni yeye anayevaa nguo zako na kuigiza mwendo wako mbele ya waombolezaji ili watu wapate kucheka na kilio kipungue makali. Ndugu wa damu hawashiki jembe siku hiyo. Sisi Warangi tuna watani pia, lakini sikuwa nimewahi kuona watu wanaokabidhiana vifo vyao namna ile, kama majirani wanavyoachiana ufunguo wa nyumba.

Nilikaa na wale vijana karibu misimu miwili ya mahindi. Kisha, wakati wa ununuzi, wote wawili walikwenda kijiji cha Lusewa, kila mmoja akitafuta mzigo wake wa mahindi. Siku moja mwana wa mwenye nyumba alichukua baiskeli ya mtani wake bila kuuliza, kama alivyozoea, akaenda nayo kijiji cha pili. Fundi alikuwa na miadi na lori la mnunuzi barabarani. Lori halikumngoja, mzigo wake ukabaki. Jioni mwenzake aliporudi akipiga kengele na kuimba, fundi alikuwa amekaa kwenye kichaka cha njiani na mpini wa jembe. Pigo lilikuwa moja, la kichwani. Alimbeba mwenyewe mgongoni mpaka zahanati, akakaa mlangoni mpaka polisi walipokuja.

Maiti ililetwa Mjimwema asubuhi juu ya magunia ya mahindi. Wanaume walijaa uani lakini hakuna aliyechimba. Jembe na sululu vilikuwa vimeegemezwa ukutani, na kila mtu alivitazama akageuza uso. Wenye haki ya kuvishika walikuwa ukoo wa yule aliyeua. Kijana mmoja wa mtaani, mgeni kama mimi, aliinuka kuchukua jembe. Wazee wakamwambia akae chini.

Saa za jua kali walitokea. Mbele alitembea mama yake fundi, mtungi wa togwa kichwani, na nyuma yake wanaume wa ukoo wao, kimya, kama watu wanaokwenda kujisalimisha. Waliokuwa uani wakawapisha. Walichukua jembe na sululu, wakaenda makaburini. Mama yule alitua mtungi, akaingia ndani akatoka na kofia ya marehemu. Aliivaa. Akafungua mdomo, sauti isitoke. Akajaribu tena.

Mwenye nyumba, aliyekuwa amelazwa mkekani tangu usiku, aliinuka akakaa.

"Cheza, mtani," alisema. "Usipocheza, mwanangu hazikiki."

Basi yule mama akacheza. Alishika kiuno akaigiza marehemu alivyokuwa akitazama sahani: "Mama, ugali huu umenipikia mimi au umempikia panya?" Ilikuwa sauti yake kabisa. Watu walicheka huku machozi yakiwatiririka, nami nilicheka, na mwenye nyumba alicheka mpaka akalala tena chini. Nimeona mambo mengi tangu siku hiyo katika kuhamahama kwangu. Sijaona watu wenye nguvu kama wale wanawake wawili.

Kesi ilichukua muda mrefu. Kikao cha mauaji kilipofika, jaji aliketi na wazee wa baraza, na sisi tukasimama madirishani. Wakili alisema lilikuwa jambo la hasira ya ghafla. Upande wa serikali wakasema mtu mwenye hasira ya ghafla hajifichi kichakani kungoja. Neno hilo la kungoja ndilo lililommaliza. Jaji alieleza kwamba aliyeua kwa kukusudia sheria ina adhabu moja tu kwake, na yeye jaji hana ruhusa ya kuchagua nyingine. Atanyongwa mpaka afe, isipokuwa rufaa au Rais amwokoe.

Miaka ile midomo ilikuwa imefunguliwa pamoja na maduka. Watu walijadili vyama vingi, mitumba, bei ya mbolea, na sasa mgahawa wetu karibu na soko ukapata mada mpya. Mwalimu mmoja kutoka Bukoba alisema dola inayoua inawafundisha raia kuua. Muuza vipuri kutoka Moshi alimjibu kwamba dola isiyoua inawafundisha raia kuchoma wezi kwa matairi, na akamuuliza kama kule kwao wamewahi kumfuga chui aliyekula mtu. Katekista alisema uhai ni wa Mungu, akaulizwa mbona Mungu huyo huyo amemruhusu Kaisari kubeba upanga. Mimi nilisema kwa sisi Waislamu kisasi ni haki ya ndugu wa marehemu, lakini wanaweza kupokea diya, yaani fidia ya damu, au kusamehe, na kusamehe ni bora; kosa la sheria hii, nikasema, ni kwamba haimuulizi mama mwenye uchungu. Niliona nimesema la maana sana. Mzee mmoja wa pale mjini, aliyekuwa akinywa chai bila kuchangia, alitukumbusha tu kwamba Wajerumani, enzi za utawala wao, waliwanyonga wazee wa Songea hapa hapa, wakawatupa shimo moja, na mpaka leo kuna koo zisizojua mifupa ipi ni ya nani. Tuliitikia kwa heshima, kisha tukaendelea kubishana. Hatukumwelewa.

Muuza vipuri alipomkuta mwenye nyumba sokoni, alimpa pole kwa adabu, akamwambia angalau sasa haki imepatikana. Mama huyo alimjibu kwamba yeye hajui kama imepatikana, maana kuna jambo hajaliuliza.

Kabla fundi hajahamishiwa gereza la mkoa wa mbali, mwenye nyumba aliniomba niwasindikize gerezani, yeye na mama yake fundi, kwa kuwa nilikuwa naweza kusema na maofisa. Walivaa vitenge vyao vya kanisani. Njiani hawakuzungumza, ila kila mmoja alimshika mwenzake mkono penye mawe.

Askari wa zamu, kijana mwenye lafudhi ya pwani, aliwaamkia shikamoo akauliza kila mmoja ni nani kwa mfungwa. Mama yake akajitaja. Mwenye nyumba akasema, "Mtani."

"Mama, hapa tunaandika ndugu."

"Basi andika mzikaji."

Askari alinitazama mimi. Nikamweleza yeye ni nani hasa, mama wa nani, na kalamu yake ikabaki hewani. Mwenye nyumba hakungoja amalize kushangaa.

"Mkishamaliza kumnyonga," alimuuliza, "maiti mnampa nani?"

Askari aliona aibu. Alisema kwa sauti ya chini kwamba wale hawatolewi. Wanazikwa na gereza, ndani ya gereza, na pale hapawekwi alama.

"Nani anachimba?"

"Wafungwa, mama."

"Watani zake?"

"Hapana. Wafungwa tu."

Mwenye nyumba aligeuka akamtazama mtani wake, kisha akamrudia askari. Hakupaza sauti.

"Basi msimnyonge. Waambie wakubwa wako. Sijamsamehe huyu. Amenichukulia mwana, na siku nyingine nikiamka nataka nimng'ate shingo. Lakini maiti yake ni yangu. Serikali haiwezi kumchukua mtu ambaye mimi ndiye wa kumzika."

Mgahawani tulikuwa tumepima roho ya mtu kwa dini zote na kwa sheria za Mwingereza, na hakuna aliyefika pale.  Hapo nilielewa, nikiwa nimechelewa sana, yule mzee wa chai alikuwa akisema nini kuhusu shimo moja.

Fundi aliletwa nyuma ya nondo. Alikuwa amekonda, amenyolewa, na alipomwona mwenye nyumba alijaribu kurudi nyuma. Askari akamzuia.

"Njoo hapa, maiti yangu," mwenye nyumba akamwambia. "Umekuwa mbaya. Hata fisi angeomba udhuru asikule."

 Hapo mwenye nyumba alishika pindo la kulia la kitenge chake, akalikunja mpaka gotini, kama fundi alivyozoea kukunja suruali isinaswe na mnyororo. Akashika usukani usiokuwepo. Akapiga kengele kwa ulimi, akazunguka chumba kile cha wageni akipiga pedali, akiyumba, akipaza sauti nyembamba ya kijana: "Pisheni, pisheni, breki hakuna!" Mama yake fundi aliweka kiganja mdomoni. Kisha akaanza kupiga makofi ya kumpokea, kama inavyofanywa uani pa msiba. Yule kijana alicheka. Kicheko kilimtoka kama kikohozi, kikageuka kilio, akashika nondo na kulia kwa sauti, na askari akatazama ukutani.

"Nimefanya yangu," mwenye nyumba alisema huku akiteremsha kitenge. "Huko wanakokupeleka wakikuzika bila mimi, ujue ulishazikwa."

Niliwasimulia wenzangu mgahawani. Muuza vipuri alisema mama yule uchungu umemchanganya. Mwalimu alikoroga chai yake mpaka ikapoa.

Hatukusikia kwamba fundi amenyongwa. Hatukusikia pia kwamba amepunguziwa adhabu. Mama yake alikuwa akimwona kila alipopata nauli, na alirudi na habari ile ile: anangoja. Kwa mwenye nyumba ikawa mazoea kuuliza, "Bado wangu?" na kujibiwa, "Bado wako."

Mahindi yalipoharibika bei, tajiri wangu alifunga ghala, nami miguu ikaanza kuniwasha kama kawaida yangu. Asubuhi ya kuondoka nilimkosa mwenye nyumba nyumbani. Nikamkuta makaburini, yeye na mtani wake, majembe mikononi. Walikuwa wamepalilia kaburi la kijana, na sasa walikuwa wakipalilia kipande kitupu kando yake, ardhi tambarare isiyo na mtu chini. Sikuuliza ni cha nani. Niliwapa shikamoo, nikawaambia naondoka, na safari hii sirudi.

Mwenye nyumba alijinyoosha, akajifuta jasho kwa ncha ya kitenge.

"Nenda, Mrangi. Njia ni yako. Lakini huko unakozunguka, nani atakuzika?"

Nilicheka, nikangoja naye acheke. Alikuwa ananitazama tu, mkono juu ya mpini, akingoja jibu. Mtani wake naye aliacha kupalilia. Nilisema nitamtafuta. Wakatikisa vichwa, wakarudi kwenye jembe, na mimi nikateremka kwenda stendi na begi langu la turubai.