Mwanangu ni mwali, na chanjo inampita

Admin, naomba unifichie jina. Nina miaka thelathini na sita, naishi Zinga na mume wangu na watoto watatu, asubuhi nauza vitumbua.

Kliniki ya akina mama inayokuja zahanati yetu ilinipima, maana nilikuwa natokwa damu hata nisipokuwa kwenye siku zangu. Majibu yamerudi: saratani ya mlango wa kizazi. Nililia mpaka nesi akanishika mikono. Akaniuliza, "Dada, una binti?" Nikamwambia ninaye, ana miaka kumi na minne. Akasema wakirudi Alhamisi nimlete achanjwe, yasije kumpata haya yangu. Shuleni walipochanjwa wenzake alikuwa Makurunge kwa bibi yake. Mwezi ujao, kabla kliniki haijarudi tena, anatimiza kumi na tano, na hapo chanjo yao hapewi tena.

Lakini binti yangu ni mwali. Alivunja ungo likizo hii, yupo ndani, haonwi na mtu wa nje mpaka siku ya kuchezwa ngoma yake. Somo wake, anayemfunda na kumtunza humo ndani, ni wifi yangu mkubwa. Nilimwamkia, nikamwomba mwali atoke kidogo akachomwe sindano.

"Kwani anaumwa?"

"Haumwi, wifi."

"Basi muache. Wataka waseme mwali wangu kaonwa kabla ya siku yake?"

Nesi yuko tayari kuja nyumbani, ila chumba cha mwali haingii mtu bila ruhusa ya somo. Wifi hana roho mbaya, akijua ninachoumwa naamini atalegea. Ila atamwambia kaka yake, na huku kwetu ugonjwa huu wanauita wa wanawake wahuni. Jirani yangu alipewa talaka kwa ugonjwa huohuo. Mume wangu hajui lolote, na bado nampenda.

Jana nilipopeleka chakula, mwanangu akaninong'oneza, "Mama, siku yangu ya kutoka utacheza? Somo kasema wewe ndiye utakayenipokea mlangoni." Nikamwambia nitacheza. Nikaenda kulia chooni, maana wiki hiyo ndiyo niliyopangiwa kuanza matibabu Dar.

Alhamisi ni keshokutwa. Ndugu zangu, nishaurini. Kama kuna aliyewahi kumwambia wifi yake jambo kama hili, alianzaje? Nipeni maneno, mimi yangu yameniishia.