Mabugo Si Fidia

Nilifika Kampala nimekalia magunia ya dagaa. Kutoka Kigoma tulipitia Kibondo, Biharamulo na Bukoba, tukavuka mpaka Mutukula. Mimi ndiye niliyekuwa utingo. Lori lilipokwama mlimani niliruka chini na kutia kigingi, kipande cha gogo, nyuma ya gurudumu lisirudi. Nilikusudia kukaa wiki moja. Niliondoka nikiwa na mvi.

Siku ya kwanza kazini sikujua kwamba ni siku ya kazi. Nilikuwa Wandegeya, kwenye duka la kutoa nakala, na mama mmoja wa Kiganda mwenye suti nyeusi alikuwa akihangaika kuelewana na mteja wake Mkongo. Nikawatafsiria. Mama akanipandisha ofisini kwake, ghorofa ya juu. Sote tulimwita Wakili Mkuu.

"Wewe Mtanzania," aliniambia, "hapa watu wanaogopa Kiswahili, wanasema ni ya askari. Wewe ongea yako pole pole. Watu yangu wamefiwa."

Nikawa karani na mkalimani wa madai ya vifo vya uzembe. Uzembe, kisheria, ni pale mtu anayepaswa kuchukua tahadhari asipoichukua, na mwingine akaumia au akafa kwa sababu hiyo. Wanaoweza kudai ni wategemezi: mke au mume, watoto, wazazi. Vijana mnaosoma haya, msingoje mpaka machozi yakauke. Sheria ina muda wake, ukipita mlango unafungwa.

Bi Zaituni, mama wa Kinubi, nusura mlango huo ufungwe mbele yake. Mumewe alikuwa mpagazi Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla katikati ya Kampala. Lori lililoegeshwa mteremkoni, halina dereva wala kigingi, liliserereka likambana ukutani. Polisi walimshtaki dereva, na Bi Zaituni akaamini hiyo ndiyo kesi yote. Nilimweleza kwamba ile ni kesi ya serikali na dereva. Dai lake yeye ni jingine, na linamhusu pia mwenye lori. Akakataa katakata. Meneja wa kampuni yenye lori alikuja msibani na mabugo, ile bahasha ambayo Kampala kila mwombolezaji humpa mfiwa.

"Alikaa kwa mkeka yangu, akakula," alisema. "Nitamuita kotini na uso gani?"

Akaenda zake. Alirudi mwenyewe baada ya kusikia Kikuubo kwamba kampuni inasema marehemu alikuwa amelewa, akalala chini ya gurudumu. Safari hii hakuketi.

"Mume yangu hakuonja pombe hata siku moja. Andika hiyo kwanza."

Tukaanza. Tulichukua hati ya kifo na ripoti ya daktari aliyechunguza mwili, ambayo haikutaja pombe popote. Tukaomba barua za usimamizi wa mirathi, kibali cha mahakama kinachomruhusu mtu kusimama badala ya marehemu. Kwa kuwa niliwahi kuwa utingo, nilitumwa kwa wapagazi. Walinitania kwanza, wakaniita karani wa dagaa, kisha wawili wakakubali kutoa ushahidi.

Mahakamani kampuni haikuitaja tena pombe. Ilisema jambo lilikwisha siku familia ilipopokea ile bahasha mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Na bahasha ilipokelewa kweli. Meneja alisimama kizimbani akiwa amejaa heshima, akasema yeye si mtu wa kukwepa majirani, hajawahi kukosa msiba.

Wakili Mkuu akainuka taratibu. Alimuuliza, akimwita ssebo, yaani bwana, kama misiba hiyo yote alipeleka mabugo. Yote, akajibu. Hata kwa mzee wa jirani aliyekufa kwa uzee? Hata huko.

"Na huyo mzee, ssebo, ni wewe ulimuua?"

Watu waliangua kicheko, hata askari wa mlangoni. Nilipomnong'oneza Bi Zaituni tafsiri, aliniegemea sikioni: "Mwambie amuulize tena."

Jaji aliamua kwamba mabugo ni pole na si fidia, na kwamba kampuni ilizembea. Alisema pia, wazi, kwamba marehemu alikufa akiwa kazini, mzima wa akili. Bi Zaituni aliniomba nimtafsirie maneno hayo mara mbili. Nilipomaliza alikuwa amesimama wima, anatazama watu mmoja mmoja.

Nimezifanya kesi nyingine nyingi, chini ya mawakili wengine wawili, na miguu yangu haijaacha kuwasha kwa hamu ya safari. Mwaka huu nilirudisha funguo za ofisi. Wakili Mkuu, aliyekwisha kustaafu, alinipigia simu kuniambia Kiswahili changu bado ni kigumu.

Nilipata lori la kurudi nyumbani palepale Kikuubo, kwenye mteremko ule. Bi Zaituni ana kibanda cha chai hapo sasa. Alinitilia kikombe, akaenda kuinama kwenye gurudumu la nyuma, kisha akagonga mlango wa dereva.

"Kigingi iko wapi?"

Dereva alinung'unika kwamba wanapakia kidogo tu. Wapagazi wakaweka mizigo chini, wakakunja mikono. Hakuna aliyegusa gunia mpaka utingo aliporuka na gogo lake. Wanasema ndivyo ilivyo hapo kwa kila lori, tangu ile hukumu.

Nikamaliza chai yangu, nikapanda.