Kupe Ambaye Nyanya Yake Hakufa

Saa moja asubuhi, Kiprugut arap Birir anapiga magoti ukingoni mwa josho la ng'ombe na kuchovya kijiti chenye alama tatu. Anakitazama, anakipangusa kwenye suruali, anachovya tena. Dawa iko sawa. Ndipo anapomruhusu ng'ombe wa kwanza kuruka.

"Lazima nipime mara mbili," anasema. "Waliniita mwizi."

Kwa miaka kumi na mmoja Kiprugut ameogesha ng'ombe katika shamba hili la mzungu, kati ya Nakuru na Rongai. Akifukuzwa kazi, mkewe Chepkurui, watoto na mifugo yao wataondoka pamoja naye.

Mwaka jana, 1956, kupe walianza kutoka joshoni wakiwa hai. Ng'ombe wakakojoa damu. Wa bwana walikufa ishirini na wawili. Kiprugut alikuwa na tisa, walibaki wanne.

Mnyapara alimkemea mbele ya watu: "Dawa unauza Nakuru, sisi unatuwekea maji ya mto!"

Kiprugut alikuwa na jibu moja tu: kupe wamezoea dawa. Kwa kuamini hivyo akaongeza dawa, "kama mtu anavyoongeza chumvi." Ndama wawili waliungua ngozi, wakafa. Kupe wengi walibaki hai.

"Hao wawili niliwaua mimi," anasema.

Bwana alimpa mwezi mmoja awe ameondoka. Kabla haujaisha, akaja Owino, msaidizi wa daktari wa mifugo. Alipima dawa ya josho, akaikuta haina kasoro. Akabandua kupe mia moja, akawachovya, akawaweka katika chupa za wino. Siku chache baadaye, sitini walikuwa wamekufa. Arobaini walikuwa wanataga mayai.

"Si nilisema wamezoea?" Kiprugut alimwambia.

"Mzee, kupe huyu anakaa juu ya ng'ombe wiki chache tu. Atazoea saa ngapi?" Owino alicheka, kisha akaacha kucheka. "Zamani, katika wale wengi, walikuwapo wachache waliozaliwa wakiiweza dawa. Uliwaua wenzao, wao wakabaki kuzaa. Huyu hakuzoea. Nyanya yake hakufa."

"Kwa hiyo ni mimi niliyewachagua?"

"Wewe, mimi, na kila mwenye josho."

Owino aliandika barua, dawa ikabadilishwa, na Kiprugut akabaki na kazi yake. Mnyapara hajamwomba radhi mpaka leo. Na Owino alionya kwamba hata dawa hii mpya itaacha wachache.

Kwa sababu hiyo, macho ya Kiprugut sasa yako kwa Kijivu, mmoja wa wale wanne. Ni mdogo, maziwa yake hayajazi kibuyu, lakini kupe hawamshiki sana. Hata mama yake alikuwa hivyo.

"Siku hizi anamtazama huyo kuliko anavyonitazama mimi," Chepkurui anasema. "Baba Cheptanui, mimi nina kupe wangapi?"

Kiprugut anatabasamu kidogo. Kijivu ana mimba. "Akizaa jike, mtamba, simuuzi. Na mtoto wa huyo mtamba, simuuzi. Ng'ombe hazai upesi kama kupe. Mimi sitaona mwisho wake. Cheptanui ataona."

Anapapasa shingo ya Kijivu, anashuka tumboni, anarudi nyuma ya masikio. Mkono unatoka na kupe mmoja.

Anampapasa tena, upande wa pili.