Mabonge ya Uzi Yaliyokwama Bandarini

Walianza kulifumua kwenye kona. Mwenyekiti wa kikundi chetu ndiye aliyeshika ncha ya uzi, akavuta, na blanketi nililokuwa nimelifuma masika nzima likaanza kupungua mstari kwa mstari. Wanawake wenzangu walikaa kwenye mkeka wangu, uani kwangu hapa Mikumi, wakiukunja uzi kadiri unavyotoka. Ndiyo sheria yetu. Mwizi wa uzi au wa pesa za kikundi hapelekwi polisi. Kazi yake inafumuliwa watu wakiona, na uzi unagawanywa. Mmoja akaniambia kwa upole, "Shoga, ungesema tu una shida, tungekuchangia." Huruma ile iliniuma kuliko matusi. Niliwaambia wavute taratibu wasiukate, basi. Nadhani wakaona nimekiri.

Mimi sikuiba. Walioiba nawajua, na kama majina yao siyaandiki, kazi zao naziandika: mmoja ni wakala wa forodha mwenye ofisi Kilosa, mwingine ni huyo huyo mwenyekiti aliyeshika ncha.

Kilosa ndiko nilikozaliwa, na shule niliiacha darasa la nne. Mto ulipopanda ukaichukua nyumba, mume wangu alirudi kufungua mbuzi na hakuonekana tena. Mimi nilitoka na nguo za mwilini na sindano ya kufumia niliyokuwa nimeichomeka kwenye kitenge. Sindano hiyo ndiyo iliyonilisha Mikumi. Nilifuma vitambaa vya makochi, nikawauzia abiria wanaoshuka kula barabarani, hadi wanawake wa mtaani wakanikaribisha kikundini.

Halafu hoteli moja ya watalii ikatupa oda ya mablanketi ya sufu, ya kutandika miguuni mwa vitanda, rangi ya nyasi kavu. Meneja alisema tukifanya vizuri atachukua kwetu kila mwaka. Hebu fikiria, mtu unayeishi kwa kukimbilia madirisha ya mabasi unaambiwa una kazi ya kila mwaka. Lakini uzi wa sufu madukani kwetu haupo, upo ule wa plastiki unaong'aa. Tukaagiza Uturuki.

Kiwandani uzi huo unafungwa kwenye koni kubwa, na koni sisi hatukuzitaka. Kikundini kwetu uzi haupimwi. Mzani ulishatugombanisha zamani mpaka watu wakawa hawaitikiani hodi, tukakubaliana kwamba mabonge yatiwe guniani, kila mtu afumbe macho, aingize mkono, atakachotoka nacho ni chake. Sasa koni utaifanyia hivyo vipi? Tukawaomba wa Uturuki watuvingirishie mabonge madogo, kila bonge na karatasi yake kiunoni. Tulijiona tuna akili sana.

Mimi na mwenyekiti tukaenda Kilosa kwa wakala. Kijana mpole, alitupa shikamoo kabla hatujavuka mlango, akaagiza soda. Nilimwonyesha picha za mabonge kwenye simu, nikamwuliza kama yatabadilisha chochote bandarini. Akacheka. "Mama, uzi ni uzi."

Meli ikiwa bado njiani akatuita tena. Sasa alisema kwamba uzi wa koni unahesabiwa ni wa kiwandani, lakini wa mabonge yenye karatasi unahesabiwa ni wa kuuza dukani, una fungu lake, na ushuru wake ni mkubwa zaidi. Kwa hiyo tuongeze. Alisema kweli, na ndiyo maana namwita mwizi: alijua. Tukachanga. Kuna mke wa mfugaji kikundini, mwanamke wa maneno machache, aliuza ndama. Pesa zile niliziweka mimi juu ya meza ya wakala, mwenyekiti akiwa kwenye kiti cha pembeni, magoti yetu yakigusana. Nilipotaka risiti, mwenyekiti akanibana mkono. Tulipotoka nje akanigombeza, "Usimwaibishe kijana wa watu." Sikujua kwamba kijana wa watu ameshapeleka posa kwa binti yake mwenyekiti.

Mzigo haukuja. Wanawake walipompigia wakala, akawaambia kwamba pesa za nyongeza niliziweka kweli, ila nilirudi peke yangu nikazichukua, eti kwa matibabu. Mwenyekiti akaulizwa mbele ya wote. Aliangalia kucha za miguu yake, akasema yeye hakumbuki habari ya pesa. Baada ya hapo ndipo wakaja uani kwangu.

Walipoondoka na uzi wangu nilipanda basi kwenda Dar. Afisa wa forodha, binti wa umri wa mwanangu, alinisikiliza akanieleza. Wakala aliandikisha mzigo wetu kuwa ni uzi wa koni. Maboksi yalipofunguliwa yakakutwa mabonge. Akaitwa alipe ushuru wa haki pamoja na faini, akaomba muda, akapotea, na mzigo ukaishia mnadani. "Mama, mzigo ungeandikwa vile ulivyo na mkalipa, mngeuchukua bila shida," akasema. Watu wa forodha waliutaja vile ulivyo, sina ugomvi nao.

Hoteli ikapata wafumaji wengine. Harusi nayo ikafungwa, wanawake wa kikundi wakavaa sare, mimi sikuambiwa hata rangi ya kitenge. Wiki iliyopita nimemkuta wakala stendi ya Mikumi. "Shikamoo mama," akaniambia kwa sauti, watu wasikie. Nilimtazama mpaka akashusha macho, sikumwitikia. Muuza mahindi akashtuka, maana mtu mzima kunyima marahaba hapa kwetu ni kama kumtemea mtu mate. Sawa, ichukuliwe hivyo. Namwombea azae watoto, nao wamkane mbele za watu.

Maneno ya afisa nimewapelekea wanawake. Mke wa mfugaji ndiye aliyejibu: "Mimi ndama wangu ameshakwenda. Ila huyu mwenyekiti alikuwa kwenye kile kiti cha kwa wakala. Aseme yeye."

Basi sema, mwenyekiti. Najua ukisema unamvunjia mwanao ndoa. Mimi umenivunjia jina, na ulikuwa na macho. Njoo Alhamisi kikao kikiwa kimejaa, mlete na mkweo, ukae katikati. Pesa za ushuru nilizoweka mezani Kilosa, nani alizitia kwenye droo, na je, uliniona nikirudi kuzichukua? Ukinyamaza nitauliza Alhamisi inayofuata, na nitauliza kanisani mbele ya watu wako wote, na nitauliza mlangoni kwako wajukuu wakisikia, mpaka unijibu.