Plagi Zilizoiva Kabla ya Uji

Harufu ya oili inayoungua ndiyo huniamsha hapa ugenini Haltom City, mwanangu Amani anapowasha pikapu yake kuukuu. Kabla sijafumbua macho nimesharudi kijijini kwetu Luvungi, jikoni kwa mama yangu Nabintu, majira yale ya mvua ambayo jiko letu lilikuwa la lori kwanza, la watoto baadaye. Lori la baba lilikunywa oili kama mlevi. Oili ikapenya hadi inapowaka petroli, ikaungua, ikawa masizi magumu yaliyofunika plagi hata zikashindwa kutoa cheche. Kila asubuhi baba yangu, Byamungu, alizifungua, akazilaza juu ya makaa ili masizi yaungue, kisha akazikwangua kwa wembe. Mama alimsimamia na sufuria ya uji mkononi. "Baba Zawadi, hao wageni wako wa chuma wameshiba? Wanangu nao wale?" Baba alicheka, lakini jioni plagi zilikuwa nyeusi tena. Ugonjwa wenyewe ulikuwa ndani, kwenye pete za pistoni zilizokwisha, zisiweze tena kuzuia oili, na pete mpya hazikupatikana. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sisi hatukuficha kitu, dawa ndiyo tuliyoikosa.

Ndipo mdogo wangu Furaha akashikwa na homa, shingo ikakakamaa, asitutambue tena. Hospitali ilikuwa Bukavu, juu ya mlima wa Ngomo. Mama akampakata, mimi nikamshika miguu iliyowaka kama jiwe la jikoni. Katikati ya mlima lori likakohoa, likatoa moshi wa buluu, likazima. Mvua ilinyesha, kuni kavu hakuna hata kijiti. "Macho yanamgeuka, Byamungu! Fanya kitu!" alilia Mama Sifa, muuza maharage tuliyempakia. Baba aling'oa ubao wa bodi ya lori lake, aliokuwa ameupaka rangi kwa mkono wake, akaupasua, akauwasha kwa petroli. Tulitandaza turubai juu ya moto, moshi ukatutoa machozi, plagi zikaiva. Lori likapanda kidogo, likazima. Baba akatazama ubao mwingine. "Choma tu," mama akasema, "choma lote." Tulifika Bukavu lori likiwa uchi. Furaha akapona, ila sikio la kushoto halikusikia tena.

Leo Furaha yuko Sharpstown, kule Houston, mwili umemwisha. Madaktari wamesema apumzike nyumbani, naye anataka kupumzika kwangu. Ni lazima tukamchukue, mwendo wa saa nne kwa gari, maana kwenye basi hawezi kukaa. Pikapu ya Amani ndiyo gari letu pekee. Alisafisha masizi kwenye plagi zake juzijuzi, na tayari pikapu inatetemeka, inazima njiani akienda kazini Garland. "Nitazifungua tena Jumamosi, mama. Vumilia." Mimi kuvumilia naweza. Jana Furaha alipiga simu, sauti nyembamba kama uzi, akidhani tuko njiani: "Dada Zawadi, mumefika wapi?" Barabara ya Houston ni tambarare, haina Ngomo. Nikachungulia dirishani. Pikapu imesimama pale nje, chuma kitupu, haina hata ubao mmoja wa kung'oa.